Pumziko la Mkristo: Barua ya Wazi kwa Wachungaji, Mapadri na Wazee wa Kanisa

Kwa wachungaji, mapadri, wainjilisti, makatekista na wazee wa makanisa ya Afrika Mashariki

YAH: WAUMINI WALIOCHOKA NA PUMZIKO WALILOAHIDIWA

Pumziko, katika mafundisho ya Kikristo, halikuja baada ya kazi ya mwanadamu, liliitangulia. Kitabu cha Mwanzo kinaeleza kwamba mtu aliumbwa siku ya sita, hivyo siku yake kamili ya kwanza duniani ilikuwa ya saba, ile ambayo Mungu alistarehe na kuibariki. Mungu alifanya kazi kisha akapumzika. Mtu alipumzika kwanza, ndipo akashika jembe. Mtume Paulo alifuata mpangilio huohuo alipowaandikia Warumi na Wagalatia: mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa imani, na matendo mema huja nyuma yake kama matunda. Makanisa karibu yote ya eneo hili, ya Kikatoliki, Kianglikana, Kilutheri, Kimoraviani, Kiadventista na Kipentekoste, hukiri kila moja kwa namna yake kwamba wokovu ni neema. Kwa hiyo barua hii haiombi fundisho jipya. Inahusu umbali uliopo kati ya fundisho hilo na ratiba ya juma ya muumini wa kawaida.

Ratiba yenyewe inajulikana. Muumini wa mjini mwenye kibanda cha biashara au ajira ya siku sita ana jumuiya au ibada ya nyumba kwa nyumba alfajiri au jioni, maombi ya katikati ya juma, mazoezi ya kwaya mara mbili, mkesha wa Ijumaa, usafi wa kanisa na kikao cha kamati Jumamosi, kisha Jumapili ibada inayofuatwa na mnada wa mazao na kikao kingine. Juu ya hayo kuna bahasha ya ahadi ya ujenzi, zaka, malimbuko, mchango wa semina na zawadi ya mgeni rasmi. Mwaka hufunguliwa kwa mfungo wa siku 21 au 40. Mwanamke hubeba zaidi, maana semina ikifika ndiye anayeamka kuchota maji, kuosha mchele na kukaa jikoni wakati mafundisho aliyoyachangia fedha yanaendelea ukumbini. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicho kibaya chenyewe. Mikesha imewavusha wengi katika misiba, na kwaya zimewalea vijana ambao mtaa ungewachukua.

Ubaya huanzia kwenye maelezo yanayoambatana na ratiba. Mgonjwa asipopona, biashara isipotoka, binti asipopata mchumba, muumini huambiwa kwamba hajaomba vya kutosha, imani yake ni haba, hajapanda mbegu, au kuna madhabahu ya ukoo ambayo bado hajaivunja. Katika baadhi ya maeneo mahudhurio ya jumuiya na kadi ya zaka hukaguliwa kabla ya mtoto kubatizwa, kabla ya ndoa kufungwa, hata kabla ya marehemu kuzikwa kwa ibada. Maaskofu Katoliki wa nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokubaliana mwaka 1976 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa maisha ya parokia, shabaha ilikuwa Wakristo wa mtaa mmoja wajuane na kubebeana mizigo. Daftari la mahudhurio likitumika kumnyima mtu mazishi, jumuiya hiyo imekwisha kuwa mzigo wenyewe.

Maandiko yanalijua jambo hili tangu Misri. Katika sura ya 5 ya kitabu cha Kutoka, Musa na Haruni wanamwomba Farao awaruhusu watu waende jangwani wakamfanyie Bwana sikukuu. Farao anajibu kwa kuwanyima majani ya kufyatulia matofali huku idadi ya matofali ikibaki ileile. Wasimamizi wa Kiebrania wanapigwa kwa kutofikisha hesabu, na wanapolalamika wanaitwa wavivu. Inafaa kiongozi wa kanisa akumbuke kwamba shutuma ya uvivu katika sura hiyo imetoka kinywani mwa Farao. Wakiwa jangwani watu walewale wanapewa mana, na kanuni yake ni ngeni kwao: siku ya sita waokote maradufu, siku ya saba wasitoke. Baadhi walitoka hata hivyo, wakakuta uwanja mtupu. Vizazi vya utumwa vilikuwa vimewazoesha kuamini kwamba asiyetoka hali.

Amri ya Sabato imeandikwa mara mbili katika Torati, na sababu mbili zimetolewa. Kutoka sura ya 20 inaitaja siku ambayo Mungu alipumzika baada ya uumbaji. Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inataja utumwa wa Misri: pumzikeni, maana mlikuwa watumwa, na Bwana akawatoa. Sababu hii ya pili huhubiriwa mara chache, ingawa ndiyo inayogusa maisha ya watu wengi zaidi. Inaorodhesha wanaopaswa kupumzika: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Inasema waziwazi kwamba mtumishi apumzike sawasawa na bwana wake. Mambo ya Walawi sura ya 25 inaongeza ardhi, ambayo mwaka wa saba haikulimwa. Pumziko hapo halikuwa anasa ya mwenye nafasi. Lilikuwa haki ya yule ambaye hangeweza kuidai.

Agano Jipya linalipeleka jambo hili mbele zaidi. Mwaliko maarufu wa Yesu kwa wanaosumbuka na kulemewa na mizigo umo mwishoni mwa sura ya 11 ya Mathayo, na sura inayofuata inafunguka kwa ugomvi kuhusu masuke yaliyovunjwa siku ya Sabato. Ujirani huo unaonyesha mizigo gani iliyokusudiwa. Njaa, kodi za Warumi na maradhi vilikuwapo, lakini ulikuwapo pia mzigo wa dini, ambao sura ya 23 inauzungumzia kwa ukali: walimu wanaofunga mizigo mizito mabegani mwa watu na wao wenyewe hawaigusi hata kwa kidole. Yesu hakuwaahidi watu wake maisha yasiyo na nira. Aliwaahidi nira nyingine, yenye bwana mpole.

Waraka kwa Waebrania ndio unaoeleza pumziko kwa utaratibu kuliko kitabu kingine chochote cha Agano Jipya. Hoja yake katika sura ya 3 na ya 4 ni hii: kizazi kilichotoka Misri hakikuingia katika pumziko kwa sababu ya kutoamini. Yoshua aliwaingiza watoto wao Kanaani, lakini Zaburi ya 95, iliyoimbwa muda mrefu baadaye, bado inawaita watu wasifanye mioyo migumu leo. Basi pumziko bado lipo, na anayeliingia ameacha kazi zake kama Mungu alivyoacha zake. Mara baada ya hapo mwandishi anawahimiza wasomaji wafanye bidii kuingia, na wahubiri wengi huishika aya hiyo ya 11 kama ruhusa ya kurudisha mzigo wote. Mtiririko wa sura hauwaungi mkono. Waliokosa pumziko hawakukosa kwa uchache wa juhudi. Walikosa kwa kutoamini. Bidii inayotakiwa ni ya kushikilia ahadi wakati kila kitu kinamvuta mtu arudi kujithibitisha.

Sura ya 10 ya waraka huohuo inaongeza picha ambayo Mwebrania yeyote angeielewa. Kuhani husimama kila siku akitoa dhabihu zilezile. Vyombo vya hema la kukutania vimeorodheshwa kwa kirefu katika kitabu cha Kutoka, yaani sanduku la agano, meza, kinara, madhabahu ya uvumba, madhabahu ya sadaka na birika, lakini hakimo kiti cha kuhani. Kazi haikuisha, kwa hiyo hakuketi. Kristo, waraka unasema, alitoa dhabihu moja kisha akaketi. Imani ya Kikristo yote inasimama juu ya kuketi huko. Mkristo anayeamini kwamba bado ana kitu cha kuongeza ili akubaliwe anarudi kusimama mahali ambapo Bwana wake ameketi.

Historia ya Kanisa ina watu wengi waliofika hapo wakiwa wamechoka. Mmoja wa wa kwanza alikuwa Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, mji unaoitwa sasa Souk Ahras nchini Algeria, akafundisha ufasaha wa hotuba Carthage, Roma na Milano, akiwania cheo na huku akishindwa kuitawala tamaa yake. Mwaka 386, katika bustani huko Milano, aliacha vyote viwili. Maungamo, aliyoyaandika karibu na mwaka 397 hadi 400, yanaanza na kuisha kwa habari ya pumziko: mwanzoni moyo usiotulia, mwishoni siku ya saba isiyo na jioni. Baadaye alibishana na Pelagio, mtawa kutoka Uingereza aliyefundisha kwamba mtu ana uwezo wa kuzishika amri akiamua tu. Mtaguso wa Carthage wa mwaka 418 ulilikataa fundisho hilo. Halijawahi kuhama mimbarini, hata hivyo; hubadilisha jina tu.

Martin Luther aliingia utawa wa Waaugustino mjini Erfurt mwaka 1505. Alifunga, akakesha, akaungama kwa saa nyingi hadi muungamishi wake, Johann von Staupitz, akachoka naye. Kila ungamo lilimwachia hofu kwamba kuna dhambi aliyoisahau. Alipokuwa akifundisha Zaburi, kisha Warumi na Wagalatia huko Wittenberg, alikwama kwenye Warumi 1:17, kwa sababu haki ya Mungu aliielewa kuwa ni ile inayomhukumu mkosaji. Katika maelezo aliyoyaandika mwaka 1545, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, anasimulia jinsi alivyotambua kwamba haki hiyo ni zawadi ambayo Mungu humvika anayeamini, na jinsi Maandiko yote yalivyobadilika sura machoni pake. Mgawanyiko uliofuata ulidumu karne nyingi, lakini juu ya jambo lenyewe pande hizo zimekaribiana: tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yake yoyote. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. Padri na mchungaji wa Kilutheri wanaohudumu mtaa mmoja wana, katika hili, andiko moja la kufundishia, na ni ajabu kwamba hulisikii likisomwa.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa barua hii ni wa Gahini, kando ya ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Ruanda chini ya CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana, alifika hapo mwaka 1928. Njaa kubwa iliikumba nchi mwaka huo na uliofuata. Hospitali changa ilijaa, watu walikufa njiani, na daktari alifanya kazi mpaka nguvu na imani vikamwishia pamoja. Mwezi Septemba 1929 alikwenda Kampala, na katika kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Wawili hao waliketi na Biblia zao wakifuatilia mafundisho juu ya Roho Mtakatifu. Mwafrika na mmisionari walikutana wakiwa wahitaji sawa, jambo ambalo utaratibu wa kikoloni haukulizoea, na kila mmoja alikiri kwamba anahitaji kile ambacho juhudi zake hazikuweza kumpa.

Kutoka hapo, katika miaka ya 1930, ulizuka uamsho ambao watu waliuita wa walokole. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyekuwa mwalimu Gahini, alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na ujumbe wake ukaenea zaidi baada ya kifo chake. Uamsho ulivuka kwenda Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na Kongo, na wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza Yesu ukawa alama yake kila mahali. Waliookoka walitubu hadharani, wakarudisha mali walizoiba, wakalipa kodi walizokwepa, wakaombana radhi mke na mume, mzungu na mwafrika, Mhutu na Mtutsi. Waliuita mwenendo huo kutembea nuruni.

Hapa pana jambo ambalo maelezo mengi ya uamsho huo hulipita haraka. Sehemu kubwa ya uchovu wa mtu wa dini haitokani na kazi za kanisa. Inatokana na kulinda sura yake. Mzee wa kanisa mwenye deni la siri, mwalimu wa Jumapili anayempiga mkewe, mwimbaji ambaye hajaamini kwa miaka mitatu sasa lakini hawezi kusema: hawa hufanya kazi usiku na mchana isiyoonekana katika ratiba yoyote. Ndugu wa uamsho waligundua kwamba mtu akikiri mbele ya wenzake alivyo, na akaambiwa kwamba damu ya Kristo inatosha kwa hilo pia, kazi ile ya kujificha huisha siku hiyohiyo. Pumziko lao lilikuwa hilo. Ndiyo maana waliimba sana, na wamisionari waliopenda ukimya walilalamika juu ya kelele.

Lakini uamsho nao ukazeeka. Katika vikundi vingi wokovu ulianza kupimwa kwa mavazi, nywele, vito na madeni; kukiri kukawa wajibu wa kila mkutano, na asiye na jipya la kukiri akatiliwa shaka. Hata kuvunjika moyo mbele za Mungu kunaweza kugeuzwa kazi yenye viwango. Roy Hession, mwinjilisti wa Uingereza ambaye mwaka 1947 aliguswa na ushuhuda wa Joe Church na William Nagenda, aliandika mwaka 1950 The Calvary Road, kitabu kilichoeneza mafundisho ya uamsho duniani. Mwaka 1958 yeye na mkewe Revel walitoa kingine, We Would See Jesus, kilichoweka mkazo kwa Kristo mwenyewe kuliko kwa njia ya kumfikia. Mfuatano huo wa vitabu viwili unastahili kutazamwa na kila anayeanzisha programu ya kiroho.

Juhudi ina tabia moja inayoitofautisha na neema: haina kikomo. Siku 3 za mfungo zikikosa jibu, 7 huonekana kuwa chache, kisha 21, kisha 40. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, wachunguzi wa Kenya walifukua miili zaidi ya 400 ya waumini na watoto wao, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya kuhimizwa wafunge ili wakutane na Yesu. Viongozi wa makanisa walilaani matukio hayo na walistahili kuyalaani. Bado swali linabaki, na si la polisi. Waumini hao hawakutoka kusikojulikana. Wengi walilelewa katika makanisa ya kawaida, na huenda huko ndiko walikojifunza kwamba Mungu hutoa zaidi kwa anayejitesa zaidi. Shakahola ilichukua wazo hilo ikalifuata mpaka mwisho.

Pingamizi linalotolewa mara kwa mara ni kwamba mahubiri ya pumziko huzaa uvivu, na kwamba nchi maskini hazina nafasi ya kupumzika. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, wahenga walisema, na hekima hiyo ya kutafuta riziki ni njema mahali pake. Kosa ni kuihamishia kwenye wokovu. Usemi kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia hunukuliwa makanisani kana kwamba una sura na aya, wakati haumo katika agano lolote kati ya mawili. Chimbuko lake ni hekaya za Wagiriki wa kale. Paulo aliyefundisha neema ndiye aliyewaambia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile, na akawaandikia Wakorintho kwamba yeye alifanya kazi kuliko mitume wote, ila kwa neema. Mkulima anayejua kwamba tayari ni mwana wa nyumbani hulima kwa bidii ileile. Kilichoondoka ni hofu ya kufukuzwa.

Kanisa limewahi pia kukutana na kosa la upande wa pili. Miguel de Molinos, padri Mhispania aliyeishi Roma, alichapisha mwaka 1675 kitabu cha sala kilichofundisha utulivu mkubwa wa nafsi. Wafuasi wake wakafika mahali pa kudharau sala za maneno, matendo mema na hata kupambana na majaribu. Papa Inosenti XI alilaani mafundisho hayo mwaka 1687. Tahadhari hiyo ni halali, ingawa ukiziangalia parokia na sharika za leo huoni dalili kwamba hatari iliyo karibu ni watu kutulia kupita kiasi.

Kuna pia uchovu ambao si wa kiroho hata kidogo. Eliya, baada ya ushindi wa mlima Karmeli, alikimbia jangwani akaomba afe. Kwa mujibu wa 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena; mazungumzo yalikuja baadaye sana, Horebu. Muumini anayelala mbele ya mimbari anaweza kuwa na upungufu wa damu, kisukari, mtoto mchanga nyumbani au sonona. Kumwelekeza hospitali ni sehemu ya uchungaji, na kumwita mtu mwenye sonona kuwa ana pepo la uzito ni kumwongezea ugonjwa.

Kutokana na hayo yote, barua hii inawasilisha maombi yafuatayo kwa viongozi wanaohusika.

La kwanza na zito ni mahubiri. Msamaha utangazwe kabla ya wajibu, na asiyejibiwa maombi asilaumiwe kwa udogo wa imani yake bila ya kiongozi kujua habari zake. Sakramenti, ndoa na mazishi visishikiliwe kuwa rehani ya michango.

Ombi la pili linahusu wale ambao Kumbukumbu la Torati iliwataja kwa majina ya kazi zao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa saa 24 za mapumziko kila juma, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa siku moja katika saba. Dada wa kazi wengi katika nyumba za Wakristo hawaijui siku hiyo, na Jumapili ndiyo nzito kwao, kwa kuwa wageni huja baada ya ibada. Mzee wa kanisa anayemwacha binti wa watu jikoni kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, akienda yeye kusikiliza habari za pumziko, anavunja amri na sheria ya nchi kwa pamoja. Jambo hili lizungumzwe wazi kwenye vikao vya wazee, na waumini waulizwe juu yake katika mafundisho ya ndoa. Kadhalika wanawake wanaopika wakati wa semina wapangiwe zamu pamoja na wanaume. Kuosha sufuria hakuhitaji upako maalumu.

Ombi la tatu ni kalenda. Mabaraza ya wazee na halmashauri za parokia zinazopanga mwaka ujao zianze kwa kufuta kabla ya kuongeza, na ziache angalau jioni kadhaa za juma bila kikao chochote, familia zikae pamoja au zilale. Mikesha ibaki kwa wanaoweza, bila majina ya wasiokuja kusomwa.

La mwisho linawahusu wachungaji na mapadri wenyewe. Marko anasimulia kwamba mitume waliporudi kutoka safari yao ya kwanza, watu walikuwa wakija na kwenda hata wasipate nafasi ya kula, na Yesu akawaita wajitenge wapumzike kidogo. Umati uliwafuata, ni kweli, lakini mwaliko ulikuwa umetolewa. Kiongozi ambaye simu yake haizimwi, ambaye hajachukua likizo kwa miaka na hujisifia hilo, anawafundisha waumini injili tofauti na ile anayoisoma. Achague siku moja ya juma, aitangaze kanisani, na aishike. Wazee wa kanisa nao wamlinde siku hiyo dhidi ya wanaobisha hodi, wao wenyewe wakiwa wa kwanza kutobisha.